Bendi nne, jukwaa moja: shajara ya usiku wa roki Nairobi

Jumatatu, klabu imepatikana

Iko kando ya Ngong Road, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi. Ukumbi unabeba watu kama mia mbili wakisimama, na jukwaa ni la mbao, futi kumi na sita kwa kumi. Meneja ametupa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa bado ya moto. Mapato ya baa ni yake yote, ya mlangoni ni yetu yote, na saa sita usiku jukwaa liwe tupu kwa sababu DJ wake anaanza. "Saa sita, si saa sita na nusu," alisema. Inaonekana wanamuziki wamewahi kumchezea.

Sharti lingine hakulitaja kama sharti, lakini alilirudia kila baada ya sentensi mbili: majirani. Tangu kaunti ifute leseni za vilabu vya usiku vilivyo katikati ya makazi mwishoni mwa 2022, mameneja wa mji huu wamekuwa waoga wa spika. Kanuni za kelele za 2009, zile za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinataka usiku sauti ya nje isizidi desibeli 35, hata kwenye maeneo ya biashara. Dramu moja ikipigwa kwa nguvu, bila maiki yoyote, inapita 100 palepale ilipo. Hesabu hiyo haikubali hata ukiombea. Tulichokubaliana ni madirisha ya upande wa nyumba za watu yafungwe, spika za besi zisiegemezwe ukuta ule, na mlango wa ngazi za nyuma usifunguliwe baada ya saa nne.

Sababu ya kuandika shajara hii: nimeenda kwenye usiku wa roki wa kutosha hapa Nairobi kujua watu huondoka wakati gani. Hawaondoki bendi ikicheza vibaya. Huondoka katikati ya bendi na bendi, pale ambapo mtu anasema "cheki, cheki, moja, mbili" kwa nusu saa huku mwingine anatafuta waya. Lengo la mradi ni moja: bendi nne zipokezane jukwaa, na pengo lolote lisizidi dakika 15.

Alhamisi, bendi

Zote nne zimekubali. Sitazitaja kwa majina hadi bango litoke, kwa hiyo humu nitaziita kwa mahali zinakotoka. Rongai ni watatu, wana gitaa moja lenye mwangwi mwingi na nyimbo za dakika mbili mbili. Kahawa ni watano, wana kinanda, na ndio wenye mashabiki wengi zaidi. South B ni wanne, mwimbaji ni dada anayeimba kwa Kiswahili, na watu wanamjibu kila kiitikio. Umoja ni watano, magitaa mawili mazito yaliyolegezwa nyuzi ili mlio uwe wa chini, na mwimbaji anayenguruma.

Kila mtu aliniuliza swali lile lile kabla ya kuuliza pesa: "Sisi tunacheza wa ngapi?" Hakuna anayetaka kufungua. Wote wanataka kufunga, kwa sababu kufunga kunaonekana ni ukubwa. Hawajasimama mlangoni saa tano na nusu usiku kuona watu wanavyoangalia simu, wanahesabu matatu ya mwisho au bei ya teksi. Nafasi tamu ni ya tatu. Nimejaribu kuwaelezea hivyo, wakanitazama kama dalali wa ploti.

Jumamosi, mpangilio unaanza kuuma

Tunatumia dramu moja kwa bendi zote, ya kukodi. Kila mpigaji aje na snea yake (ile dramu ndogo ya mlio mkali), pedali yake ya mguu na matoazi yake. Dramu kubwa, tomu (zile dramu za kati) na stendi zinabaki. Hivyo ndivyo inavyofanyika kila mahali penye bendi nyingi na jukwaa dogo. Ukibadilisha dramu nzima umeshapoteza dakika ishirini kabla hata hujagusa gitaa.

Halafu nikaambiwa mpiga dramu wa Rongai ni mashoto.

Kwa asiyejua: dramu ya mashoto hupangwa kinyume, kama kwenye kioo. Hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, inahamia kulia, tomu zinageuka, dramu kubwa inapigwa na mguu wa kushoto, na maiki zote zinafuata. Ukimweka katikati ya usiku, unageuza dramu mara mbili, kabla yake na baada yake. Ukimweka mwanzo au mwisho, unageuza mara moja. Kwa hiyo Rongai wafungue au wafunge.

Jambo la pili, mpiga dramu wa Kahawa anapiga kanisani Jumapili asubuhi, ibada ya kwanza, na mchungaji hajui habari za Jumamosi. Anataka awe kitandani saa sita. (Wapiga dramu wazuri wengi wa roki katika mji huu wamefunzwa na kanisa. Ndiyo maana wanajua kupiga wimbo wa dakika kumi bila kuongeza mwendo. Ndiyo maana pia Jumapili saa tatu asubuhi hawapokei simu.) Kwa hiyo Kahawa wacheze mapema. Lakini ndio wenye watu, na wakicheza wa kwanza watacheza mbele ya viti, maana Nairobi ukiandika saa moja watu hufika saa tatu.

Rongai wa kwanza, Kahawa wa pili, South B wa tatu, Umoja wafunge. Umoja wamefurahi kufunga. Rongai wamenuna, nikawakumbusha kwamba wakicheza kwanza watapata gari la kurudi, na hasira ikapungua kidogo.

Zamu ni dakika 35 kila bendi na pengo dakika 15. Tukianza saa mbili na nusu, tunamaliza saa tano na dakika 35. Zinabaki 25 za dharura.

Jumanne, mazoezi Rongai

Nilienda kuwasikiliza na kumwona huyu mashoto akifanya kazi. Chumba cha mazoezi ni stoo iliyotandikwa magodoro ukutani, joto la kuoka mkate. Dramu ya pale si yake, imepangwa kwa mtu wa mkono wa kulia, na hakuigeuza. Aliketi akaanza.

Mpigaji wa kulia hupitisha mkono wa kulia juu ya wa kushoto ili afikie hai-hati, mikono inakuwa msalaba. Huyu hapitishi chochote. Hai-hati iko kushotoni kwake, anaipiga kwa mkono wa kushoto, snea anaipiga kwa wa kulia, kifua kiko wazi kabisa. Mguu wake wa kulia ameufundisha dramu kubwa tangu utotoni, kwa sababu hajawahi kumiliki dramu na kila mahali alipopiga alikuta ya watu wa kulia. Anachohitaji kihamishwe ni kitu kimoja: lile toazi kubwa la kulia, la kupigia mdundo mrefu, liletwe kushoto juu ya hai-hati. Stendi moja. Nikamwuliza kwa nini mwenzake aliniambia dramu igeuzwe. "Huyo ni mpiga besi," akasema, bila kuongeza neno.

Kwa hiyo ule msingi wote wa mpangilio umeyeyuka. Rongai wanaweza kucheza nafasi yoyote. Sikuwaambia. Mpangilio unabaki.

Ijumaa, karatasi

Nimeomba kila bendi initumie mchoro wa jukwaa na orodha ya vyanzo vya sauti. Kahawa walituma ndani ya saa moja, safi, mchoro wa penseli wenye kila soketi. South B walituma sauti ya WhatsApp ya dakika nne. Umoja wametuma picha yao jukwaani na maneno "kama hapa."

Nimeunganisha zote kuwa orodha moja ambayo haibadiliki usiku kucha. Dramu kubwa, snea, tomu mbili, maiki moja ya juu. Besi kupitia kisanduku cha DI, kinachoiunganisha moja kwa moja na mitambo. Magitaa mawili. Kinanda njia mbili. Waimbaji watatu. Jumla 13, na mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, ina njia 16. Siri ni kwamba njia ya 7 ni gitaa la kushoto hata kama bendi haina gitaa la kushoto. Rongai wakicheza, ile ya 8 na za kinanda zinazimwa tu, hazichomolewi. Fundi wa mitambo alipoiona orodha akaniuliza nani aliniandikia. Nimelichukua kama sifa.

Matangazo: enzi za X FM, 105.5, redio ya roki, ungepeleka tangazo pale na kila mpenda roki wa mji angesikia. Leo ni bango la simu, na kuomba kila mwanabendi alibandike kwenye hadhi (status) ya simu yake. Tikiti shilingi 500 kabla, 700 mlangoni, M-Pesa tu. Mlangoni hakuna chenji ya kutafuta na hakuna sanduku la pesa la kulindwa.

Orodha ya wageni wa bure: wawili kwa kila mwanabendi, basi. Umoja walileta majina 19. Nikarudisha karatasi.

Jumatano, meza ya pesa

Kikao kifupi na kigumu. Tumekubaliana kabla ya siku yenyewe: gharama zinatoka kwanza, kinachobaki kinagawanywa kwa bendi, sehemu nne sawa. Kahawa walitaka kigawanywe kwa vichwa maana wao ni watano. Rongai, ambao ni watatu, waligundua ghafla kwamba wanapenda sana usawa. Dada wa South B ndiye aliyemaliza mjadala: "Tukianza kuhesabu vichwa, kesho mtu ataleta binamu apige kayamba." Imepita.

Jumamosi yenyewe

Saa nane mchana. Mitambo imepanda ngazi. Kitu cha kwanza chini ya dramu ni zulia, si urembo: dramu kubwa ikipigwa kwenye mbao tupu hutambaa mbele, na kufikia wimbo wa tatu mpigaji anaifukuza kwa kiti. Tumechukua zulia la mama yangu. Baada ya kila mpigaji kuketi, Fundi alibandika vipande vya tepu kwenye zulia pale miguu ya stendi iliposimama, kila bendi rangi yake. Kufikia jioni zulia lilionekana kama ramani ya kata.

Ampu za gitaa tumezipandisha juu ya kreti za bia na kuziinamisha nyuma kidogo. Ampu ikikaa sakafuni inapiga magoti ya mpiga gitaa. Hajisikii, anaongeza sauti, na watu wa mbele wanachinjwa. Ikimtazama usoni anapunguza mwenyewe. Hakuna ombi la upole linaloshinda kreti.

Majaribio ya sauti tunayafanya kinyumenyume. Bendi ya mwisho inajaribu kwanza, ya kwanza inajaribu mwisho, ili watakaofungua waache vitu vyao palepale vilipo. Umoja walitakiwa saa tisa, wakafika saa kumi kasorobo. Ndio waliochukua muda mrefu zaidi.

Wakati wa zamu ya South B ikatokea nzzzz. Sauti nene, ya chini, inakuja na kupotea. Fundi alichomoa kila kitu kimoja kimoja, taa, mikisa, ampu ya kwanza, ampu ya pili, bado ipo, kisha haipo. Tulisimama kimya tukisikiliza kama watu wanaotafuta panya. Ndipo nikasikia friji ya bia nyuma ya ukuta ikizima, na nzzzz ikazima nayo. Ampu na friji zilikuwa laini moja ya stima. Tumevuta ekstenshoni kutoka upande wa jikoni, ikapungua sana. Kiasi kilichobaki kilitoka kwenye gitaa lenyewe, lile la koili moja, ambalo hunasa mngurumo kama antena kutegemea limeelekea wapi. Fundi akamshika mpiga gitaa mabegani akamzungusha taratibu hadi ikanyamaza. "Simama hivi." Alikuwa anatazama baa. Amecheza zamu nzima akitazama baa, na watu walidhani ni madaha.

Mlangoni nimeweka bakuli la vizibo vya sifongo vya masikio, bure. Watu wa afya kazini wa Marekani, NIOSH, wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebaki na dakika 15. Zamu moja tu ya Umoja inakula mara mbili ya hiyo. Nusu ya watu walichukua, nusu walicheka. Wafanyakazi wa baa walichukua wote, tena jozi mbili mbili.

Saa mbili na nusu. Ukumbini kuna watu 30, na kumi kati yao ni wanabendi. Niliamua kusogeza mwanzo na kukata kila zamu iwe dakika 30. Kapteni wa kila bendi aliambiwa usoni, si kwa ujumbe, achague wimbo wa kuacha.

Tatu na dakika tano, Rongai. Walicheza kama watu wanaowahi gari, ambayo ni kweli, na watu wakaanza kusogea kutoka baa. Kati ya bendi niliweka roki ya Zambia ya miaka ya 1970, WITCH, Amanaz, Ngozi Family, kwa sauti ya mazungumzo. Vijana wawili walinijia kuuliza ni bendi gani mpya hiyo.

Pengo la kwanza: dakika 9. Toazi moja kuhama, snea kubadilishwa, kinanda kilikuwa tayari chini ya shuka.

Kahawa walijaza ukumbi. Hapo ndipo niliona ngazi zimefungana watu na mama wa mlangoni ananionyesha simu yake, malipo yakiingia moja juu ya jingine. Mpiga dramu wao alipomaliza alifungua snea, akaiweka begini, akatoka kwa mlango wa nyuma ambao nilikuwa nimekataza usifunguliwe.

Pengo la pili: dakika 14.

South B. Zamu hii sina cha kuandika cha kiufundi, mitambo ilikaa kimya na nikasimama katikati ya watu kama mlipa tikiti. Wimbo wao wa mwisho, dada aliacha kuimba kiitikio akageuza maiki, na ukumbi ukakiimba wote, hadi baunsa. Watu walikataa kuwaachia. Nikawapa wimbo mmoja wa nyongeza, dakika nne, kutoka kwenye akiba ya mwisho.

Pengo la tatu: dakika 22, na ndilo lililonizeesha. Mmoja wa wapiga gitaa wa Umoja alikuwa amesahau adapta ya umeme ya ubao wake wa pedali, zile za kubadilisha mlio wa gitaa. Mhudumu wa baa, kwa moyo mwema kabisa, akachomoa adapta ya ruta ya Wi-Fi. Ikaingia vizuri. Fundi akaishika kabla haijawashwa, akamulika kibandiko kwa tochi ya simu: ndani chanya, nje hasi. Pedali za gitaa nyingi ni volti 9 na ndani ndiyo hasi. "Hii utakaanga sanduku la watu," akasema, akairudisha. Nikashuka ngazi mbio. Rongai walikuwa bado kituoni, wamekosa gari la kwanza. Mpiga gitaa wao alifungua begi pale pale kwenye lami, chini ya taa ya duka la matairi, akanipa adapta yake, na sharti moja: safari ijayo hawafungui.

Umoja walianza saa tano na dakika 24. Niliwaambia saa tano na dakika 54 nazima mikisa kwa mkono wangu. Walimaliza na 54. Kati ya watu waliokuwepo wakati wa South B, naona theluthi walikuwa wameshaondoka, wengi wao ndani ya zile dakika 22. Waliobaki walirukaruka hadi duka la matairi likatikisika. Saa sita kasoro dakika mbili DJ alikuwa ameshika waya wake. Meneja hakusema asante, ila alinipa soda.

Jumatatu, hesabu

Tikiti za mapema 64, mlangoni 71. Mapato 81,700.

Mitambo na Fundi 28,000. Kukodi dramu na ampu mbili 15,000. Mabango 3,000. Mlango na baunsa 6,000. Maji na chakula cha bendi 4,500. Vizibo vya masikio 2,200. Jumla 58,700.

Imebaki 23,000, kila bendi 5,750, zimetumwa kwa M-Pesa kabla ya saa nne asubuhi na kila kapteni amejibu kuwa zimefika. Umoja na Kahawa, kila mtu 1,150. Rongai, 1,916 na senti. Hakuna aliyelalamika kwa maandishi.

Mezani sasa: meneja ametaka turudie, lakini Alhamisi. Nimemjibu Ijumaa au Jumamosi, Alhamisi watu wana kazi kesho yake na Umoja hawawezi kufika kwa majaribio ya saa tisa hata siku ya mapumziko. Anafikiria. Fundi anataka sanduku la akiba likae chini ya mikisa: adapta mbili za volti 9 zenye hasi ndani, nyaya za gitaa tatu, vijiti vya dramu, tepu, betri. Nitatoa pesa za sanduku kwenye mlango wa safari ijayo, kabla ya mgao. Rongai wameahidiwa nafasi ya tatu.